Mdudu na Ua Lake: Historia ya Picha za Karibu katika Misitu ya Tropiki

Makrofotografia, yaani upigaji picha wa karibu, ni kazi ya kupiga picha za viumbe wadogo kwa namna ambayo taswira inayoangukia ndani ya kamera, juu ya filamu au juu ya kihisi cha kidijitali, hulingana kwa ukubwa na kiumbe mwenyewe au humzidi, hivi kwamba nyuki mwenye urefu wa milimita 12 huchukua milimita 12 kamili za filamu hata kabla picha haijakuzwa kwenye karatasi. Historia yake kwa kawaida huelezwa kama historia ya lenzi na mitambo, na ni kweli kwamba bila vitu hivyo pasingekuwa na la kueleza. Katika misitu ya tropiki, hata hivyo, ambako maelfu ya spishi za wadudu na mimea huishi kwa kutegemeana, historia hiyo ina upande wa pili wenye uzito zaidi, nao ni jitihada ya muda mrefu ya kuwakutanisha tena viumbe ambao sayansi yenyewe iliwatenganisha ilipomchoma mdudu pini na kumweka sandukuni, ikalikausha ua kati ya karatasi na kulihifadhi mahali pengine, na kuiacha msituni habari ya namna wawili hao walivyokuwa wakikutana.

Jitihada hiyo ilianza kabla kamera haijabuniwa. Mwaka 1699 Maria Sibylla Merian, mchoraji mzaliwa wa Frankfurt aliyekuwa akiishi Amsterdam, alisafiri hadi Suriname, koloni la Waholanzi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, akiwa na umri wa miaka 52 na akifuatana na binti yake mdogo, Dorothea Maria. Maradhi yalimlazimu kurudi mwaka 1701, na mwaka 1705 alichapisha kitabu chake *Metamorphosis insectorum Surinamensium*, chenye michoro 60 ambayo mingi yake humwonyesha mdudu katika hatua zote za maisha yake, kuanzia kiwavi hadi pupa na hatimaye kipepeo au nondo, juu ya mmea unaomlisha. Utaratibu huo ulikuwa mgeni, kwa kuwa wakusanyaji wa Ulaya wa wakati huo walizoea kupanga wadudu kwa maumbo na rangi, kila mmoja peke yake. Merian hakuifanya kazi hiyo kwa mikono yake tu, kwa maana watumwa wa asili ya Amerika na wa asili ya Afrika walimkatia njia msituni, wakamletea viwavi na mimea, na kumweleza matumizi ya mimea hiyo. Ni kutoka kwa wanawake watumwa alikopata habari, ambayo aliiandika waziwazi, kwamba mbegu za ua moja alilolichora zilitumiwa nao kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Wanawake hao hawatajwi kwa majina kitabuni, ilhali sehemu kubwa ya elimu iliyomo ilitoka kwao.

Mmoja wa michoro hiyo, unaoonyesha buibui mkubwa akimla ndege mdogo, ulimletea Merian lawama katika karne ya 19, waandishi wa baadaye wakidai kwamba jambo hilo haliwezekani. Henry Walter Bates, mtafiti wa viumbe aliyeishi katika bonde la Amazoni kuanzia 1848 hadi 1859, alimwona buibui wa aina hiyo pamoja na ndege aliowanasa, na mwaka 1863 akachapisha ushahidi wake. Mjadala huo unaonyesha udhaifu uliokuwamo katika mchoro wowote, kwamba msomaji wa mbali hana njia ya kutofautisha kilichoonekana na kilichosimuliwa, na haja ya kupata chombo kitakachoshuhudia badala ya mkono wa mchoraji ilikuwapo tangu wakati huo.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya masanduku na pini. Alfred Russel Wallace peke yake alirudi kutoka visiwa vya Malaya mwaka 1862 akiwa amekusanya sampuli 125,660, kati yake mbawakawa 83,200, naye kama ilivyokuwa kwa Merian alitegemea wasaidizi wenyeji, ambao miongoni mwao kijana Ali wa Sarawak ndiye anayejulikana zaidi. Hakuna sababu ya kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa bila sampuli hizo spishi nyingi zisingekuwa hata na jina. Lakini sampuli hupoteza mengi. Rangi ya kijani ya panzi hugeuka kahawia, macho ya kereng'ende hufifia, miguu hukunjwa ili ienee kwenye sanduku, na karatasi ndogo inayochomwa chini ya mdudu hutaja mahali na tarehe, mara chache mno ikitaja ua alilokuwa ametua juu yake.

Kisa kinachodhihirisha pengo hilo kuliko vingine ni cha okidi moja ya Madagaska, kisiwa ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikiita Bukini. Okidi ni jamii ya mimea ya maua ambayo mingi yake, katika nchi za joto, huota juu ya matawi ya miti bila kuinyonya miti hiyo. Hii ya Madagaska, iitwayo *Angraecum sesquipedale*, ina ua jeupe la nta lenye umbo la nyota, na nyuma yake huning'inia mrija mwembamba wa kijani wenye urefu unaokaribia sentimita 30, ambao ndani yake, sehemu ya chini kabisa, ndimo mnamokaa mbochi, yaani maji matamu yanayomvuta mdudu. Charles Darwin alipopelekewa maua hayo mwaka 1862 alipima mirija yake, akaona kwamba mbochi ilijaza inchi moja na nusu tu kati ya inchi kumi na moja na nusu, akajaribu kuingiza vijiti vyembamba ili ajue ni kwa namna gani chavua, ule unga wa uzazi wa ua, ingeweza kunata kwenye kichwa cha mdudu na kuhamishwa. Katika kitabu chake cha mwaka huo kuhusu uchavushaji wa okidi alisema kwamba lazima Madagaska kuwe na nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho, ingawa hakuna aliyekuwa amemwona.

Miaka mitano baadaye Wallace aliliunga mkono wazo hilo kwa vipimo. Alichukua nondo waliokuwamo katika jumba la makumbusho la London, akapima ulimi wa nondo mmoja wa Afrika ya tropiki, ambaye leo huitwa *Xanthopan morganii*, akaupata inchi saba na nusu, yaani karibu sentimita 19, na kutokana na hapo akatabiri kwamba ndugu yake mwenye ulimi mrefu zaidi angepatikana Madagaska, akiwahimiza wasafiri wamtafute kwa matumaini yale yale waliyokuwa nayo wanajimu walipoitafuta sayari ya Neptuni. Makala yake iliambatana na mchoro wa nondo huyo akilifikia ua, mchoro wa kiumbe ambaye msanii hakuwahi kumwona. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan walimweleza nondo wa Madagaska na kumpa jina la *praedicta*, kwa maana ya aliyetabiriwa, na mwaka 2021 watafiti walimpandisha kuwa spishi kamili baada ya kumlinganisha na wenzake wa Afrika bara. Mtu angedhani kwamba mwaka 1903 habari ilikuwa imekwisha. Kilichokuwa mkononi, hata hivyo, kilikuwa nondo mkavu na ua kavu ambavyo vipimo vyao vinaafikiana, na kuafikiana kwa vipimo si sawa na kushuhudia ziara. Ushahidi wa macho ulichukua karibu karne nzima zaidi, na sababu za kuchelewa huko zimo ndani ya tabia za mwanga na za msitu.

Sababu ya kwanza ni kina cha ukali, yaani unene wa sehemu ile, kutoka mbele kwenda nyuma, ambayo picha huionyesha bila ukungu. Kadiri kiumbe anavyokuzwa ndivyo unene huo unavyopungua: kwenye filamu ya kawaida ya milimita 24 kwa 36, kiumbe akipigwa kwa ukubwa wake halisi na tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi kipimo cha f/16, kina hicho ni kama milimita 2 tu, hivyo jicho la nyuki likikolea, mabawa na tumbo lake huzama katika ukungu. Tundu likizidi kubanwa, mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha yote hulegea. Sababu ya pili inafuatana nayo, kwa kuwa lenzi inaposogezwa mbele ili imkuze kiumbe kwa ukubwa wake, filamu hupata robo tu ya mwanga ambao ingeupata kwa kitu cha mbali, na jambo hilo hutokea mahali ambapo mwanga wenyewe ni haba, kwa maana majani ya miti mirefu hunyonya karibu wote na kuiachia sakafu ya msitu asilimia 1 au 2. Picha ambayo juani ingepigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde huhitaji sekunde kadhaa, na ndani ya sekunde hizo jani hutikisika na mdudu huondoka.

Sababu ya tatu ilikuwa joto na unyevunyevu. Bamba za kioo zilizopakwa gelatini, ambazo zilianzia katika majaribio ya Richard Maddox mwaka 1871, ziliwaondolea wasafiri mzigo wa hema la giza lililohitajika na mbinu za awali, lakini gelatini hulainika katika maji ya uvuguvugu, na katika nchi za joto picha iliweza kuvimba au kubanduka kutoka kwenye kioo wakati wa kusafishwa. Wapiga picha walilazimika kufanya kazi usiku maji yalipopoa, au kuigandisha gelatini kwa maji ya shabu. Kuvu nao waliota ndani ya lenzi, na katika misitu yenye mvua za mwaka mzima tatizo hilo halijakoma hadi leo, ndiyo maana wapiga picha hufungia vifaa vyao katika masanduku yenye chembe za silika zinazofyonza unyevu.

Hatua zilizovuka vizuizi hivyo zilitokea mbali na misitu, na mara nyingi kwa makusudi mengine kabisa. Mwaka 1936 kiwanda cha Ihagee cha Dresden kilianza kuuza Kine Exakta, kamera ya filamu ndogo yenye kioo cha ndani kinachomwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi ile ile inayopiga, jambo lenye maana kubwa kwa viumbe wadogo kwa sababu dirisha la pembeni la kamera za awali, kwa umbali wa sentimita chache, lilionyesha jani jirani badala ya mdudu aliyekusudiwa. Mwaka 1955 Heinz Kilfitt alitoa lenzi ya Makro-Kilar, iliyoweza kukaribia kitu bila kuongezewa mirija wala mvukuto, na mwaka uliofuata kampuni ya Nikon ilitoa lenzi yake ya kwanza ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kunakili kurasa za vitabu kwenye mikrofilamu, kwani herufi za Kijapani zenye mistari mingi zilipotea kwenye lenzi za kawaida. Lenzi iliyobuniwa ili kuhifadhi maandishi iligeuka kuwa mwanzo wa ukoo wa lenzi zilizotumiwa baadaye na wataalamu wa wadudu duniani kote.

Mwanga ulipatikana kwa njia ya flashi ya umeme, ambayo Harold Edgerton wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts aliiendeleza kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 1930 kwa kupitisha umeme wa nguvu ndani ya bomba la gesi ili litoe mmweko wa muda mfupi mno. Kwa filamu za rangi za wakati huo, kama Kodachrome iliyotoka mwaka 1935 na iliyohitaji mwanga mwingi sana, flashi ilikuwa karibu njia pekee ya kupiga picha za rangi chini ya miti. Nchini Uingereza Stephen Dalton alitengeneza mwanzoni mwa muongo wa 1970 mfumo wa flashi wenye mmweko wa sehemu 1 ya 25,000 ya sekunde, unaofyatuliwa na mdudu mwenyewe anapokatiza mwale wa mwanga, na kwa mara ya kwanza mabawa ya wadudu warukao huru yakaonekana yamesimama, kila mshipa ukihesabika. Lakini flashi ilileta hasara ambayo wapiga picha wengi hawakuijali kwa miaka mingi. Nguvu ya mmweko hupungua kwa kasi kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo mdudu aliye mbele huwaka na msitu ulio nyuma yake huwa mweusi tititi, hata saa sita mchana, na kiumbe aliyepigwa picha ndani ya makao yake hutoka akionekana kama yuko ndani ya sanduku jingine, safari hii la giza. Ilibidi mafundi wa baadaye wajifunze kupunguza makali ya flashi kwa kitambaa au karatasi nyeupe na kuiacha kamera wazi kwa muda wa kutosha ili mwanga hafifu wa msitu nao uingie, na picha zilizopigwa kwa subira hiyo ndizo zenye thamani zaidi.

Mfano wa thamani hiyo ni kazi ya Mark Moffett, mwanafunzi wa mtaalamu wa sisimizi Edward O. Wilson katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye katika muongo wa 1980 alifuatilia sisimizi wa Asia ya tropiki wa spishi iliyoitwa *Pheidologeton diversus*. Wafanyakazi wakubwa wa kundi hilo huwazidi wadogo kwa uzito mara 500 hivi, na picha zake zilionyesha wadogo wakiwa wamepanda juu ya vichwa vya wakubwa huku msafara ukiendelea, tabia ambayo sisimizi mmoja aliyechomwa pini asingeweza kuieleza kamwe, hata akichunguzwa kwa hadubini ya namna gani.

Kwa lenzi na mwanga wa kutosha, kisa cha Madagaska nacho kiliendelea. Katika muongo wa 1990 Lutz Wasserthal, mtaalamu wa Ujerumani, alichapisha picha za nondo *praedicta* akilitembelea ua la okidi ile ndani ya tundu kubwa la wavu, chavua ikinata mahali ilipotarajiwa, na kutokana na mwendo wa nondo huyo anayeyumba hewani mbele ya ua alitoa hoja kwamba ulimi mrefu huenda ulianza kama kinga, kwa kuwa humwezesha kunywa akiwa mbali na buibui na wawindaji wengine wanaojificha kwenye maua. Mwaka 2004 Philip DeVries alifanikiwa kurekodi ziara hiyo msituni kwenyewe, usiku, kwa kamera inayotumia mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni. Tangu Darwin aandike, ilikuwa imepita miaka 142.

Afrika Mashariki ina kisa chake kinachofanana na hicho. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka Ujerumani mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na nyanda za karibu, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hanover, akaupa jina la *Saintpaulia ionantha*. Katika karne iliyofuata mmea huo ukawa miongoni mwa mimea ya dirishani inayopendwa zaidi Ulaya na Marekani, ukazalishwa kwa maelfu ya sura, huku misitu ya asili yake ikipungua. Taasisi ya Biolojia na Kilimo ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 katikati ya makao ya mmea huo, ilielekeza nguvu zake kwenye mazao ya biashara.

Ua hilo likitazamwa kwa karibu linajieleza lenyewe. Halina mbochi, katikati yake kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano iliyokolea, vigumu, vinavyotoa unga wake kwa mwanya mdogo, na ule mshipa unaopokea chavua umepindia upande mmoja, katika baadhi ya maua kushoto na katika mengine kulia, hivi kwamba ua moja ni kama kivuli cha jingine kwenye kioo. Muundo wa aina hiyo huashiria nyuki anayetikisa, yaani anayekishika kifuko na kukitetemesha kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike tumboni mwake, kisha kwenye ua lililopinda upande wa pili chavua hiyo hukutana na mshipa mahali hasa ilipotua. Ni mwaka 2008 ambapo Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa uchavushaji wa jamaa ya mmea huo katika vilima vya Taita, akiwataja nyuki wa jenasi *Amegilla* kuwa miongoni mwa wageni wake. Ua lililojulikana katika madirisha ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka mia moja lilikuwa halijaandikiwa vya kutosha nani hulitembelea kwao.

Teknolojia ya kidijitali imekiondoa kizuizi cha kina cha ukali kwa njia ya kurundika picha, yaani kupiga picha nyingi za kiumbe yule yule huku fokasi ikisogezwa mbele kidogo kidogo, kisha programu ya kompyuta ikachukua sehemu iliyokolea ya kila picha na kuziunganisha kuwa moja. Kilele cha mbinu hiyo ni kazi ya Levon Biss, aliyeonyesha mwaka 2016 katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford picha za wadudu ambazo kila moja iliunganishwa kutoka picha zaidi ya 8,000, ambamo nywele na vishimo vya ganda la mbawakawa huonekana kama nchi yenye milima. Ni kazi inayostahili heshima yote iliyopewa, lakini mbinu yenyewe hudai mdudu asiyepumua, na wadudu wa Biss walikuwa ni sampuli za pini. Wale wanaorundika picha msituni hutumia picha chache, alfajiri mdudu angali amepoa, na wapo wanaomtia kwanza kwenye jokofu ili atulie, tendo ambalo hata lisipomuua humwondoa kwenye jani lake na kuifanya picha iseme jambo ambalo halikutokea.

Mwelekeo mwingine unaonekana katika kazi ya Piotr Naskrecki, aliyechapisha mwaka 2005 kitabu cha picha za viumbe wadogo wa nchi za tropiki, na ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, ambako maabara ya bioanuwai yenye jina la Edward O. Wilson ilifunguliwa mwaka 2014. Fani yake ni panzi wenye vipapasio virefu, jamii ile ile ya senene wanaoliwa Kagera na Uganda, wadudu ambao kijani chao hupotea mara wanapokaushwa na ambao husugua mabawa ya mbele ili kutoa mlio unaotofautiana kwa kila spishi. Katika utafiti wa namna hii mdudu hupigwa picha akiwa hai kabla hajahifadhiwa, na mlio wake hurekodiwa, kisha sampuli huingia kwenye mkusanyo ikiwa imeambatana na vyote viwili, pamoja na jina la mmea alikookotwa.